Simbilisi wa Chupa A

Jumatatu, 1 Oktoba 1956

Siku njema sana. Mademoiselle Martine, yule Mbelgiji mtafiti wa maabara yetu, ametangaza kwamba Jumatatu ijayo simbilisi wetu watapimwa. Siku hiyo hiyo atamchagua msaidizi wa kwanza. Ni mimi au Isidore. Msaidizi wa kwanza huvaa koti jeupe, na bila koti jeupe simpati Colombe. Baba yake, Papa Ignace wa mtaa wa Kadutu, amesema wazi kwamba hamtoi binti yake kwa mtu anayezoa mavi ya simbilisi. Kwa hiyo koti ni langu.

Kwa wajukuu wangu watakaosoma daftari hili: simbilisi ni wale wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa jikoni kijijini kwetu Nyantende, chini ya kitanda, karibu na moto. Hapa maabara wanakaa katika masanduku ya waya na wanaitwa cobayes. Tangu walipozaliwa, sita wangu nawapa matone ya chupa A. Isidore anawapa sita wake matone ya chupa B. Ndani ya chupa kuna nini? Hatukuambiwa. Sikuuliza. Évolué, yaani mtu aliyeelimika kizungu kama mimi, haulizi ovyo.

Jumanne, 2 Oktoba

Nimewajaribu kwa siri katika zile njia za mbao zenye kona nyingi na karoti mwishoni. Simbilisi wa Isidore wamemaliza karoti kabla sijamaliza kupiga chafya. Wangu: wa kwanza ameingia kona ya kwanza akaketi. Wa pili amemkalia wa kwanza. Wa tatu amesinzia huku akitazama ukuta.

Isidore amepita akaniuliza, kwa upole, kama nawalea au nawabembeleza. Nimecheka kwa heshima. Namchukia.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nimefikiri siku mbili na nimeelewa. Mademoiselle anatupima sisi walezi! Wanyama ni kisingizio tu. Mlezi hodari, wanyama hodari.

Nimejaribu majani ya viazi vitamu. Nimejaribu wimbo wa kanisa. Nimejaribu hotuba kali. Hotuba wameisikiliza vizuri kuliko watu wote waliowahi kunisikiliza, lakini hawakupiga hatua hata moja. Yule mdogo mwenye doa jeupe usoni amelala mkononi mwangu. Ni mzuri, lakini hatanipa mke.

Jioni wazo limenijia. Shangazi Eulalie ana simbilisi thelathini jikoni mwake, wepesi kama cheche. Nani atajua?

Jumamosi, 6 Oktoba

Nimekwenda Nyantende kwa miguu, na kikapu kichwani. Shangazi amewatazama wangu kwa muda mrefu.

“Évariste, hii batoto ya simbilisi iko na nini? Inalala tu sawa yenye ilikunywa pombe ya kasiksi.”

Nimemwambia ni mambo ya Serikali, awatunze hadi Jumatatu jioni. Amekubali haraka mno. Alikuwa anafagia ua kama mtu anayengoja wageni.

Nimechagua sita wenye rangi kama ya wangu. Wa maabara wana alama ya wino wa zambarau sikioni, basi nami nimewatia wino. Mmoja ameniuma kidole mara mbili. Nimefurahi, huo ndio uhodari ninaoutaka.

Jumapili, 7 Oktoba

Misa. Nimemwombea Isidore avumilie uchungu wa kesho. Kisha nimepita kwa Papa Ignace kumsalimia. Colombe amesema baba yake ameitwa Nyantende tangu asubuhi, kuna watu wamemwalika kula. Sikuuliza ni akina nani. Nilikuwa naangalia tabasamu lake.

Jumatatu, 8 Oktoba

Siku mbaya. Naandika kwa sababu niliahidi kuandika kila kitu.

Simbilisi wa Isidore wamefika kwenye karoti bila kukosea kona. Zamu yangu. Nimewaweka wangu mlangoni mwa njia, nimerekebisha kola, nimerudi nyuma.

Wameona jiko la kukaushia vyombo. Mademoiselle hupenda liwake asubuhi. Wote sita wameruka mbao, wamekimbia moja kwa moja na kujipanga mbele ya moto kama wako nyumbani. Kisha nje ya dirisha mpishi wa Mademoiselle ameanza kumenya ndizi. Kusikia maganda tu, wamepiga miluzi wote pamoja na kutoka mbio kwa foleni kumfuata. Hakuna cobaye anayejua mambo ya ndizi.

Mademoiselle amemshika wa mwisho. Amelowesha kidole kwa ulimi, amesugua sikio. Zambarau imebaki kidoleni.

“Évariste. Simbilisi yangu iko wapi?”

Nimesema wamekwenda kupumzika. Ameketi chini. Ametueleza polepole: chupa B ni maji na sukari. Chupa A ni dawa ya usingizi. Alitaka kujua dawa hiyo inafanya nini ndani ya ubongo wa mnyama akinyweshwa akiwa bado mchanga, wakati ubongo wenyewe unakua. Ule uzito niliouficha ndio aliokuwa anautafuta. Wiki sita za kazi.

Tumekwenda Nyantende kwa gari lake. Shangazi amesema wanne amewapika jana, kwa sababu walikuwa hawakimbii wakikamatwa. Mgeni? Papa Ignace. Shangazi alimwita wazungumze juu ya ndoa yangu. Amekula vizuri, kisha amelala kitini hadi jioni na kuondoka bila kutoa jibu.

Wawili walibaki, wamesinzia karibu na moto. Mwenye doa jeupe yumo.

Ijumaa, 26 Oktoba

Koti amepewa Isidore. Mimi nimewekwa kwenye kukata majani.

Leo Mademoiselle ameniita nitazame kwenye hadubini, nione nilichotaka kukitupa. Kwanza ubongo wa simbilisi wa Isidore: chembe moja nyeusi, imetoa matawi kila upande kama mti wa kahawa uliostawi. Kisha wa simbilisi wangu. Mti ule ule, lakini matawi machache, mafupi, kama umekatwa na mtu asiyejua kazi. Nimeuliza ni yupi. Ni yule wa doa jeupe.

Nimehuzunika kweli. Nilimpigia kelele kwa sababu hakutembea, kumbe mimi mwenyewe nilikuwa namdondoshea matone. Nimemwomba Mademoiselle msamaha kwa moyo wote. Amesema wawili ni wachache, lakini si sifuri. Nimeahidi kwamba sitadanganya tena.

Jumamosi, 27 Oktoba

Habari njema! Papa Ignace ametuma neno. Bado anakumbuka ile nyama laini ya Nyantende. Kesho baada ya Misa atapita maabara, na akinikuta na koti jeupe, Colombe ni wangu.

Isidore amefua koti lake na kulianika nyuma ya maabara, kisha ameondoka hadi Jumatatu. Nimelijaribu. Mikono ni mirefu kidogo tu. Mfukoni limeshonwa jina la Isidore kwa uzi mwekundu, lakini nimelifunika kwa doa zuri la wino wa zambarau. Ukitazama kwa mbali ni kama nishani, basi nitamngoja nje langoni.

Mawingu yametanda juu ya ziwa na mvua imeanza. Si kitu. Papa Ignace ana mwavuli.