Friji Isiyotoa Harufu

Jumatatu, 7 Julai

Rehoboth, kusini mwa Windhoek. Baridi kali, upepo wa mashariki, midomo imenipasuka. Jana kanisani Mchungaji alitangaza kwamba Mjomba Apools ameng'atuka, magoti hayamwezi tena. Kwa hiyo meza ya nyama kavu kwenye gulio la kanisa haina mwenyewe. Meza ile ile baba yangu aliyoisimamia miaka thelathini kabla yake, aproni nyeupe, na hata waliomzidi umri wakimwita Mzee Hendrik.

Jumamosi ya tarehe 19 wazee wa kanisa wataonja na kuamua. Wagombea wawili tu. Mimi, Izak Beukes, karani mkuu mstaafu wa ofisi ya maji, mtu wa vipimo. Na Wimpie Cloete, mdogo wa mke wangu, fundi matairi. Fundi matairi! Nyama yake huitundika bandani kwa nyuzi za tairi, kama soksi. Hana kipimo, hana daftari. Anaibonyeza kwa kidole, anasema "bado" au "tayari". Utaalamu wake wote umeishia kwenye kidole.

Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Meza hii naitaka kuliko nilivyowahi kutaka cheo. Baba hakuwahi kuniita tukate nyama pamoja hata siku moja. Alisema mikono yangu ni ya kalamu. Nataka mji huu uone ya kwamba alikosea.

Mpango: kabati la kukaushia. La kisayansi!

Jumanne, 8 Julai

Friji imepatikana. Mbovu, ndefu, ya kizamani, mlango mzito kama wa benki. Imetoka wapi? Kwa Wimpie mwenyewe! Ilikuwa nyuma ya karakana yake, kuku wakitagia ndani. Nilimwambia nataka kuhifadhia magazeti ya zamani. Kaamini! Akaipakia kwenye pikapu, akaishusha peke yake, kisha akaniuliza kama mgongo wangu haujambo. Namchimbia kaburi, na sururu katoa yeye.

Lettie, mke wangu, akauliza kwa nini nisitundike nyama stoo kama watu wote, na hewa yenyewe ya Julai ni kavu hivi hadi mate yanakauka mdomoni. Nikamweleza kwamba hewa ya bure haina kipimo. Akasema hata ujinga ni wa bure, ndiyo maana umejaa humu ndani.

Alhamisi, 10 Julai

Siku kubwa. Nimetoboa matundu sita chini na sita juu. Balbu chini, ili joto lipande. Feni ndogo ya kompyuta. Fito tatu na ndoano za chuma. Na kipimo cha unyevu kutoka Windhoek, chenye namba nyekundu. Nimekaa mbele yake nusu saa nikikitazama. Kina akili kuliko nusu ya wazee wa kanisa.

Kilo nane za paja la ng'ombe, nimezikata mwenyewe. Vipande vingine vinene, vingine vyembamba, lakini vyote nimevipa namba. Chumvi, siki, pilipili manga, giligilani iliyokaangwa na kutwangwa. Mchanganyiko wa baba, kutoka kwenye karatasi yake iliyo katika Biblia yangu. Siri ya ukoo! Lettie anasema karatasi hiyo nusu ya mji inayo, baba alimgawia kila aliyeomba. Uzushi.

Kisha soseji za kukausha, kilo nne. Lettie alishika utumbo mdomoni mwa mashine, mimi nikazungusha mpini. Utumbo ukapasuka mara tano. Akasema nazungusha kama mtu anayefukuzwa na fisi. Nilitundika vyote kabla jua halijazama. Kipimo: 71. Namba nzuri sana, ingawa sijui inatakiwa kuwa ngapi.

Ijumaa, 11 Julai

Maafa! Harufu imetoka! Giligilani na siki zimejaa ua mzima, na nyumba ya Wimpie iko ng'ambo ya ukuta. Asubuhi kichwa chake kikatokeza juu ya ukuta. Akavuta pumzi ndefu. Akasema, "Shemeji, hayo magazeti yako yananukia!"

Amejua. Sasa atanusa siri ya baba tundu kwa tundu. Nimechukua hatua bila kuchelewa: matundu yote kumi na mawili nimeyaziba kwa gundi, na mkanda juu yake. Raba ya mlango nimeipaka mafuta ya mgando ishike vizuri. Haitoki hata pumzi ya sisimizi. Feni inaendelea kuzunguka ndani. Hewa ni ile ile, lakini hewa ni hewa.

Jumapili, 13 Julai

Kipimo: 94. Kinapanda kila siku! Mtambo unafanya kazi kwa bidii kuliko nilivyotarajia.

Lettie alichungulia, akasema friji inatoka jasho. Kweli, matone yanatiririka ukutani kwa ndani. Nikamwambia nyama inatoa maji, na huko ndiko kukauka kwenyewe. Akauliza, maji hayo yakishatoka kwenye nyama yanakwenda wapi? Swali la mtoto wa chekechea. Nikaufunga mlango.

Baada ya ibada Wimpie alinilalamikia kwamba nyama yake bado laini. Nguo zikianikwa nje zinaganda, kwa hiyo Doris, mke wake, anaanika bandani mle mle. Banda lina unyevu, na amefunga mlango na madirisha kwa sababu ya paka. Nikampa pole. Nikaenda nyuma ya kanisa kucheka. Debe tupu haliachi kuvuma!

Jumanne, 15 Julai

Mtu mwenye akili hamwachi adui yake aanguke polepole. Saa tisa alasiri kila mtu alikuwa kwenye maombi. Mimi nilisingizia tumbo. Nikapita getini kwa Wimpie, nikafungua mlango wa banda na madirisha yote mawili, nikayawekea matairi yasijifunge. Vumbi liingie, na paka pia. Paka wa mji huu hawana dini.

Nikarudi nyumbani nikanywa kahawa. Vikombe vitatu. Ni baridi.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya. Niiandike upesi.

Kichwa cha Wimpie juu ya ukuta, meno yote nje. Anasema upepo wa mashariki umepita bandani siku nzima na usiku wake. Nyama imekauka, nguo za Doris zimekauka, hata sakafu imekauka! Na paka? Mbwa wake alilala mlangoni. "Najua ni wewe, shemeji," akasema, "nimeziona nyayo za viatu vyako. Mimi akili yangu ilikuwa kwa paka tu, nikasahau upepo. Asante sana." Akanyoosha mkono juu ya ukuta. Ningefanya nini? Nikaupokea.

Kisha nikafungua friji. Mlango ulinasa, nikauvuta huku mguu nimeukaza ubavuni mwa friji. Harufu ikanirudisha nyuma hatua tatu. Nyama imeota manyoya! Ya kijani, meupe, mengine ya buluu. Soseji namba 14 nilipoigusa ilipasuka na kunirukia shingoni. Kipimo kimekufa. Kabla ya kufa kilisoma 99.

Lettie alisimama nyuma yangu, kitambaa puani. Akasema Mungu alimuumba ng'ombe siku ya sita, na mimi siku ya saba nimemuotesha nywele. Nimefuta vipande kumi kwa siki. Ndani vimelainika kama ndizi iliyooza. Mbwa wa Wimpie alikuja kunusa, akanitazama, akaondoka.

Nimezika kilo kumi na mbili. Kosa ni la friji. Kuku wameiharibu.

Ijumaa, 18 Julai

Kesho ndiyo siku yenyewe. Sina hata kipande.

Lakini Beukes haishiwi maarifa. Kwenye barabara ya Windhoek, nje ya mji, kuna kituo cha mafuta, na hapo kuna mama anayeuza nyama kavu katika mifuko isiyo na jina. Nikavaa kofia ya baridi mpaka kwenye nyusi na miwani ya jua. Akanisalimu, "Habari za leo, Mzee Beukes." Watu wa mji huu wana umbea wa kuzaliwa.

Nimenunua kilo tatu. Nyeusi kwa nje, nyekundu ndani, mafuta pembeni ya rangi ya siagi. Lettie aliona mifuko, akafungua mdomo, akaufunga. Mara yake ya kwanza tangu tuoane.

Je, ni udanganyifu? Nimefikiri sana. Wameagiza kila mgombea alete nyama yake. Nyama niliyoinunua ni ya nani kama si yangu? Dhamiri safi.

Jumamosi, 19 Julai

Ukumbi wa kanisa, saa nne asubuhi. Wazee watatu, na Shangazi Rosina, miaka themanini na minne, haoni tena lakini ulimi wake unaogopwa kuanzia hapa hadi Mariental. Wazee hutafuna tu. Anayeamua ni yeye.

Wakampa ya Wimpie kwanza. Akatafuna. Akasema ni nzuri, ila imeharakishwa, upepo umeikimbiza. Nilijifanya nakohoa ili nisicheke.

Wakampa yangu. Akatafuna, akaacha kutafuna, akaanza tena polepole. Nikaona machozi yanamshuka mashavuni. Akasema, "Jamani, huu ni mkono wa Hendrik. Nilidhani tuliuzika naye."

Nikalia. Sikupanga kulia, na sitaki mtu anikumbushe. Akaniita nikae karibu naye, akanishika vidole kimoja kimoja. Akasema, "Mwanangu, baba yako alikufundisha vizuri. Alikufundisha lini?"

Wimpie alikuwa ameokota kipande kutoka sahani yangu. Akakigeuza. Kwenye tundu la kutundikia mlikuwa na uzi mweusi mfupi, ule wa tairi. Akauchomoa, akautia mfukoni. Akanitazama, nami nikatazama dari.

"Jumamosi, Shangazi," Wimpie akajibu kwa niaba yangu. "Mzee Hendrik alifundisha kila Jumamosi. Bandani, miaka sita." Kisha akawageukia wazee. "Mimi nakubali. Mpeni shemeji meza."

Nimeipata! Watu walinipigia makofi. Wimpie alipiga kuliko wote.

Nyumbani Lettie hakunipongeza. Akaweka kikombe mezani, akasema mama wa kituo cha mafuta huuziwa nyama na mtu mmoja tu, kila mwezi, na mtu huyo ni Wimpie. Nyama iliyoshinda ni ya Wimpie, ile ya mwezi uliopita, iliyokauka bila haraka. Akauliza kama niliwahi kujiuliza nani alikuwa akikaa na baba yangu Jumamosi, mimi nilipokuwa ofisini nikipanga mafaili. Nikamwambia Jumamosi zile nilikuwa nalipwa posho.

Sikuweza kula. Si kwa sababu ya maneno yake. Nimeshiba makofi.

Jumapili, 20 Julai

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nakokotoa. Gulio ni tarehe 9 Agosti, na meza inahitaji kilo sitini za nyama na ishirini za soseji.

Baada ya ibada Wimpie alinivuta pembeni, chini ya kengele. Nilijiandaa kwa vitisho. Mtu ana ule uzi mfukoni, angeweza kuniangamiza. Badala yake akasugua viatu chini, akatazama pembeni, akasema kuna jambo limemkaa moyoni tangu msiba wa baba. Anasema siku moja bandani baba alimwambia hivi: "Izak ana maringo, na mimi mwenyewe nina maringo. Mimi siwezi kumwita, na yeye hawezi kuja. Lakini akija siku yoyote akauliza, hata kama mimi sipo, mfundishe yote."

Halafu akasema, "Basi shemeji, si lazima uulize. Njoo tu Jumamosi. Tutakata ya gulio pamoja, meza ibaki yako."

Kwa muda mfupi nilitaka kumwambia nitakuja. Nakiri.

Lakini mimi si mtoto. Nimeona mtego. Mtu aliyeshindwa mbele ya kanisa zima anataka nini kwa aliyemshinda? Anataka kuona ninavyofanya kazi! Miaka yote hii hana mbinu ila kidole, na sasa anamsingizia marehemu ili aingie jikoni kwangu. Nikamjibu kwa heshima kwamba mwenye meza hafundishwi na fundi matairi. Akaniambia sawa, shemeji, mlango uko wazi. Akaenda zake, mabega chini. Alikuwa amekata tamaa ya kuniibia.

Nimechunguza upya kila hatua. Mbinu haina kasoro hata moja. Tatizo lilikuwa ukubwa. Pale karibu na reli kuna bodi la lori la samaki kutoka Walvis Bay, halina magurudumu, kuta zake unene wa shibiri. Nimelikagua mchana huu. Nikaingia, nikajifungia, nikawasha kiberiti. Kikazimika chenyewe.

Hata chembe ya hewa haipiti. Kesho naagiza nyama.