Pembe Ishirini Zilizopotea

Jumatatu, 7 Aprili
Msiba! Pembe hazionekani. Oktoba nilijaza samadi pembe ishirini za ng'ombe nikazizika ziwe mbolea ya shamba, kama alivyoagiza Mwalimu, mwanzilishi wa kilimo chetu, yule aliyeona ya mbinguni kisha akaja kuwafundisha wakulima. Karne nzima yuko kaburini, bado anatuchimbisha. Leo ndiyo siku ya kuzifukua. Alama niliweka: ng'ombe wetu Liesl alikuwa amelala pale pale. Liesl ameinuka.

Alhamisi anakuja mkaguzi, Bi Kresser. Bila pembe hakuna cheti cha kilimo cha Mwalimu. Baba mkwe alikilinda cheti hicho miaka arobaini. Mke wangu Gerlinde hajui kitu.

Jumanne, 8 Aprili
Mashimo kumi na saba. Mgongo kwisha. Gerlinde akauliza nachimba nini. Nikasema napanda mitofaa. Akafurahi sana, akauliza miche iko wapi.

Jirani Alwin ameegemea uzio tangu asubuhi. "Ruprecht, unatafuta mafuta au unajichimbia kaburi?" Mpuuzi! Binti zake wamesoma shule inayofuata mafundisho ya Mwalimu, mkewe anajipaka krimu ya Mwalimu, lakini samadi ya Mwalimu ndiyo inayomchekesha.

Jumatano, 9 Aprili
Nimepata jawabu! Nimeshusha ukutani pembe ninayonywea bia wakati wa kanivali, nikaijaza mboji ya dukani. Nitasema hii ndiyo ya mfano. Akili ninayo, jamani.

Alhamisi, 10 Aprili
Bi Kresser akanusa. Akasema pembe iliyolala ardhini msimu wa baridi hunukia msitu, hii inanuka bia. Nikakiri yote. Gerlinde hakunifokea. Alilia kimya kimya, nikatamani angefoka.

Hapo Alwin akaruka uzio na jembe lake. Akahesabu hatua tisa kutoka kwenye hodhi la maji, akachimba. Zote ishirini! Ndani nyeusi, laini, harufu tamu ya udongo. Kumbe Oktoba alinitazama nikizizika. Nikamuuliza mbona alinyamaza. "Mashimo kumi na saba, jirani! Ningekatizaje raha ile?"

Bi Kresser akasaini, akanionya, akaondoka na pembe yangu ya bia. Gerlinde akanishika mkono. Furaha niliyoona siwezi kuiandika.

Kisha kukoroga dawa ya kunyunyizia shamba: samadi ya pembe na maji pipani, saa nzima, mara kulia, mara kushoto. Alwin akaomba mti wa kukorogea ajaribu dakika moja tu. Akakoroga hadi mwisho. Akasema bado ni upuuzi. Akaomba ndoo moja kwa ajili ya kabichi zake.

Jumamosi, 26 Aprili
Leo nimezika pembe za unga wa mawe meupe, za kufukuliwa msimu wa majani kupukutika. Gerlinde alinipa kigingi chekundu niweke alama. Kigingi kimefaa sana kufungia mlango wa banda la kuku. Mimi sirudii makosa: ng'ombe hutembea. Safari hii nimezika mkabala na trekta la Alwin, lililozimika kando ya uzio tangu Jumatano. Kubwa, la kijani, halisogei hata kwa kusukumwa. Fundi wake anakuja Jumatatu.