Tenga la Mapeasi Siku ya Kuchagua Masomo

Leo nimeaibika, tena nikiwa nimevaa kitenge kipya. Nawasimulia mwenyewe kabla majirani zangu wa Gare hawajawafikishia wakiwa wametia chumvi.

Binti yangu Upendo yuko kidato cha nne, sekondari moja hapa Lushoto. Leo wazazi tuliitwa tuwasikilize walimu wa masomo ya jamii, ili watoto wachague tahasusi za kidato cha tano wakijua wanachokichagua. Upendo anataka HGK: Historia, Jiografia na Kiswahili. Mimi nataka awe daktari. Tumebishana mpaka baba yake akawa anakwenda kula kwa jirani. Basi nimekwenda na nia moja tu, kusimama mbele ya ukumbi mzima na kusema hapana.

Nikabeba na tenga la mapeasi kwa ajili ya walimu. (Ukienda kumkatalia mtu, usiende mikono mitupu.)

Bodaboda akanishusha getini. Kutoka pale hadi ukumbini ni kilima, na vilima vyetu mnavijua. Ukungu, baridi, kila mtu na sweta. Nikamwona kijana mwembamba kasimama kando ya geti, sweta la bluu kama la wanafunzi, kidevuni hana hata unywele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una adabu wewe! Haya, nibebee hili tenga."

Akalitwika begani. Nikajisemea moyoni, watoto wa huku kwetu tumewalea.

"Na wewe unapenda somo gani?" nikamuuliza.

"Historia, mama."

Weee! Nikasimama katikati ya njia. "Mwanangu, historia utaila? Waliokufa waache wapumzike. Soma sayansi upate kazi. Hata hao wanaoifundisha walikosa pa kwenda!"

(Niliyasema haya. Kwa mdomo wangu huu huu.)

"Sawa mama," akasema, akahamishia tenga bega la pili. "Lakini yale matuta ya ngazi kule mlimani, walianza kuyachimba akina nani?"

Hapo kanigusa. Nikamweleza jinsi babu yangu alivyoamriwa na mkoloni achimbe matuta, akagoma, akajificha migombani. Bibi akawa anampelekea chakula ndani ya kikapu cha mbegu, askari wasishtuke. Uhuru ulipokuja, babu yule yule akachukua jembe akachimba matuta bila kuamriwa na mtu. Nikamweleza na mapeasi yenyewe, kwamba mche wa kwanza bibi aliupata kwa wamisheni, akaupanda kwenye tuta la juu kabisa. Kijana anauliza, mimi natiririka. Kilima sikukisikia.

"Kwa nini babu alikubali baadaye?"

"Si kwa sababu sasa hakuna wa kumsimamia na kiboko? Shamba ni lake, udongo ni wake!"

Akatua tenga kwenye meza ya walimu. Nikamchagulia peasi moja nene. "Haya, ukale na wenzako bwenini." Akapokea kwa mikono miwili. Nikaenda kukaa mstari wa mbele, karibu na Upendo, niwe tayari kusema hapana yangu.

Mkuu wa shule akasimama. "Namkaribisha mwalimu wetu wa Historia, Mwalimu Daudi."

Wanafunzi wote wakainuka. "Shikamoo mwalimu!"

Na nani anakwenda mbele? Sweta la bluu. Peasi mkononi!

Nikatafuta pa kujificha. Kitenge chenyewe kimechorwa mapapai makubwa ya rangi ya chungwa, ningejificha wapi?

"Wazazi," akasema, "nilitayarisha hotuba, nimeiacha. Nimepanda kilima na mama mmoja aliyenishauri niache Historia nisije nikafa njaa." Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. "Halafu akanifundisha Historia kutoka getini hadi hapa mlangoni, na chakula akanipa." Akainua peasi juu. Akawasimulia habari za babu, migomba, kikapu na jembe, hakuacha kitu. "Mada hii nimeifundisha mara nyingi. Sijawahi kuieleza vizuri kama yule mama."

Watu wakaanza kugeuza shingo. Mama gani? Nami nikainamia pochi kana kwamba nimepoteza sindano. Ningepona, wallahi ningepona, ila Upendo akaruka juu:

"Ni mama yangu huyu! Mama yangu!"

Makofi. Vigelegele. Mtoto amenyoosha shingo, ananionyesha kwa kidole ukumbi mzima, macho yanamng'aa. Nilitaka ardhi ipasuke, na papo hapo nilitaka asishushe kile kidole. Sijawahi kuona mtu akinionea fahari namna ile, na mimi nilimwonea yeye zaidi.

"Mama Upendo," mkuu wa shule akasema, "nasikia ulikuwa na neno."

Nikasimama. Hapana yangu niliyoibeba kutoka Gare sikuiona.

"Neno langu," nikasema, "mapeasi ni ya walimu wote. Na mtoto achague HGK yake."

Basi asinicheke mtu. Ukoo wetu ndivyo ulivyo, tunagoma kwanza, jembe tunachukua baadaye.