Mtaro Niliowachimbia Nungunungu

Alhamisi, 24 Julai
Mashimo tena! Mashina matatu ya mihogo yamefukuliwa, na mwiba mrefu, mweusi na mweupe, umeachwa pale pale. Hawa nungunungu wanalala kwenye pori langu la mikaratusi na kula kwenye shamba langu. Kusema kweli, nawapenda. Kuwatega sina roho hiyo. Lakini Ijumaa ijayo ni Umuganura, sikukuu ya mavuno, na mimi kwa mdomo wangu niliahidi mudugudu wetu, kijiji kizima, kuleta mihogo ya sherehe. Mke wangu, Maman Gaju, amesema nikimwaibisha siku hiyo, pori litakatwa na kuchomwa makaa. Pori langu! Ninapopumzika kila mchana! Na shamba la jirani yangu Munyemana halijaguswa. Kwa nini mimi tu?

Ijumaa, 25 Julai
Plani imenijia nikiwa nimelala chini ya miti. Kesho ni umuganda, watu wote wanatoka na majembe kwa kazi ya pamoja. Nimemwendea Mukandori, mkuu wetu wa mudugudu, nikamwambia mvua ikianza udongo wangu wote utateremka bondeni. Tuchimbe mtaro kati ya pori na mihogo. Nungunungu sikuwataja. Wakifika mtaroni watakwama, watageuka, watashukia kwa Munyemana. Na yeye aonje! Mukandori amenisifu kwamba ninapenda ardhi ya nchi. Nimeinamisha kichwa, mnyenyekevu kabisa.

Jumamosi, 26 Julai
Umuganda umefana! Aliyetoka jasho kuliko wote ni Munyemana, maskini, hajui anachimbia nini. Kicheko kilinishika, nikajifanya nakohoa. Mimi nilisimamia. Mtu wa mawazo hapewi jembe. Watu walipochoka nikawaambia basi, hapo panatosha. Kwenye mkutano baada ya kazi wamenipigia makofi.

Jumapili, 27 Julai
Nimepita shambani kabla ya misa. Mungu wangu! Mtaro umejaa nyayo za nungunungu. Hawakukwama hata kidogo. Wameshuka ndani, wakapata barabara safi, wakaifuata hadi inapoishia. Inaishia katikati ya mihogo yangu, pale pale niliposema panatosha. Baada ya misa nimemuuliza Munyemana, kwa ujanja, mbona yeye hawamwendei. Akasema wamfuate kwa kitu gani? Alivuna mwezi wa sita, akakausha, akaweka ndani. Ile inayoonekana shambani ni michanga, haina mizizi bado. Nikamweleza kwamba yangu niliiacha inenepe, watu waishangae. Amenitazama kwa huruma. Sikupenda.

Alhamisi, 31 Julai
Nimeng'oa iliyobaki. Kikapu hakikufika nusu, na kila muhogo una alama za meno. Maman Gaju ametazama kikapu, akatazama pori, akaenda kunoa shoka.

Ijumaa, 1 Agosti
Umuganura. Desturi ni kwamba aliyevuna anampa ambaye hakupata. Mukandori amesimama, akatangaza kwamba mwaka huu iko familia moja haikubahatika. Nikageuka huku na huku, nikiwahurumia. Kumbe ni sisi! Munyemana ameniletea kapu zima la mihogo, kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, akanikumbatia. Aibu gani hii! Halafu nikaonja. Tamu! Nimekula sahani mbili. Maman Gaju amecheka mpaka machozi, akaegemea bega langu.
Tulipofika nyumbani nikauliza, polepole, habari za shoka.
"Ile miti ibakie," amesema. "Nikiikata, utakuwa unanishindia humu mu nyumba siku yote."
Sijawahi kupendwa namna hii.

Jumamosi, 2 Agosti
Nimeshinda porini, moyo mweupe. Somo nimelipata: mtaro ulikuwa mzuri, kosa lake ni kuwa mkavu. Nungunungu hawajui kuogelea. Sijauliza mtu, lakini ukiwatazama tu unaona. Nimeshamwona Mukandori, nikamwambia watoto wa hapa wanahitaji samaki, umuganda ujao tuchimbe bwawa. Kubwa, lenye maji mengi. Amefurahi sana, na Munyemana amekuwa wa kwanza kukubali. Mahali nimeshapachagua mwenyewe, pazuri ajabu: pale juu mlimani, kwenye njia ya nungunungu, maji yakitazama moja kwa moja paa la nyumba yetu.