Darubini Nne na Urudufu Mmoja

Wizara ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba urudufu umekufa. Kuanzia Jumatatu, vifaa vyote vinavyofanya kazi moja vingekaa chumba kimoja. Naibu Mkurugenzi, aliyeitunga sera hiyo kwa mkono wake, alipanda mlimani hadi kituo cha darubini akiwa na wasaidizi watatu na mhuri.

Alikuta darubini nne zimetawanywa ovyo, kila moja na banda lake, hatua mia na ushee kati ya moja na nyingine.

"Zinatazama nini?" akauliza.

"Nyota moja," akajibu Mtafiti, mama mtu mzima aliyeifuatilia nyota hiyo miaka sita. "Ni changa, ila nzito mara ishirini kuliko jua letu, na bado imejifunika vumbi. Mwanga wa infraredi, huu usioonekana kwa macho, hupenya vumbi hilo. Tukiuunganisha kutoka darubini zilizo mbalimbali, ni kama tuna jicho moja pana kama mlima huu. Ndipo tunaona kilichoizunguka: sahani ya vumbi inayoilisha."

"Kwa hiyo nyota moja, macho manne."

"Ndiyo, mzee."

"Urudufu huo, mama."

Mtafiti akaeleza upya, safari hii kwa vidole. Naibu alimsikiliza kwa subira, kisha akaagiza darubini zipangwe stoo, bega kwa bega, na paa litobolewe. Wasaidizi wakazihesabu, wakapata nne, wakapiga makofi. Mtafiti alikaa kwenye ngazi.

Baada ya mwezi Waziri akaja kuona hiyo sahani. Kwenye skrini palikuwa na doa.

"Sahani iko wapi?"

"Mtafiti alizisogeza darubini, Mheshimiwa," akasema Naibu. "Nilimkataza."

"Kweli kabisa," wakasema wasaidizi kwa pamoja.

Naibu alimwonea huruma yule mama. Miaka sita si mchezo. Kichwani alikuwa ameshaanza kuandika barua ya kumfukuza, tena kwa lugha ya upole.

"Una la kusema?" Waziri akamuuliza Mtafiti.

"Nina ombi tu, Mheshimiwa. Wasaidizi hawa wakikaa pamoja wanaona kitu kimoja. Watenganishe, kila mtu na banda lake, waandike walichokiona."

Nusu saa haikuisha, karatasi zikarudi. Msaidizi wa kwanza aliandika kuwa Mtafiti alizibeba darubini Jumanne, peke yake, mgongoni. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani mbili. Wa pili aliandika kuwa ilikuwa Alhamisi, kwa trekta. Wa tatu, aliyekuwa na njaa na aliyetaka kwenda kwao, aliandika: "Aliamuru Naibu. Sisi tulipiga makofi." Akaambatanisha agizo lenyewe, lenye mhuri.

Naibu alijikaza. "Mheshimiwa, karatasi tatu kwa jambo moja. Huo ni urudufu."

Waziri alizikunja karatasi zote tatu.

"Umesema kweli," akasema. "Na mimi nina manaibu wakurugenzi wanne, wote chumba kimoja."

Mtafiti akaomba ruhusa akazitoe darubini stoo. Akapewa, pamoja na mtu wa kumsaidia kusukuma, aliyevaa suti nzuri na ambaye, tangu dakika chache zilizopita, hakuwa na cheo.