Mantiki ya Darasa la Saba

Shemasi aliingia kwenye mkahawa wa Sophea Jumanne asubuhi akaipita kaunta bila kuagiza kahawa, tukajua ana habari. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yetu ya dirishani, akaiweka kofia yake juu ya meza, akasema bodi ya shule inakutana Alhamisi jioni kuwasikiliza wazazi. Kuna watu wanataka somo la Mantiki liondolewe darasa la saba.

Pale mezani huwa tuko wanne. Shemasi ni Coy Brandt, shemasi kweli wa kanisa la Kibaptisti, na ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule ya Kikristo hapa mjini kwetu Denby, Texas. Kocha ni Royce Lunsford. Amefundisha mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, maisha yake yote, na mpaka leo anaongea kama mtu anayetaka asikike upande wa pili wa uwanja. Dizeli ni Verlon Tackett, fundi wa malori, anayemlea mjukuu wake Lottie, na Lottie yuko darasa hilohilo la saba. Mimi nilikuwa msambaza barua wa mji huu, kwa hiyo naitwa Posta, na wote wanaamini najua siri za kila nyumba. Ninachojua ni nani anaagiziwa mbegu za maua na nani dawa ya upara.

Kocha akauliza kwani hao watoto wanafundishwa nini hasa. Shemasi akamtajia: historia ya Texas, viumbe hai, hesabu za herufi, Kilatini, na Biblia, ambapo mwaka huu wako kwenye vitabu vyote viwili vya Wafalme na waraka kwa Waefeso wanaukariri kichwani. Hayo yote wazazi wameyapokea vizuri. Kilatini ndicho kabisa, kwa sababu hakuna mzazi anayekielewa, kwa hiyo hakuna aliyeona kosa. Balaa ni Mantiki. Wanafundishwa aina za hoja mbovu, kila moja na jina lake, halafu wanarudi nazo nyumbani.

"Yule daktari wa meno," Shemasi akasema, "alimwambia mwanawe akalale. Mtoto akauliza kwa nini. Akamjibu, kwa sababu nimesema. Mtoto akamwambia, baba, hiyo siyo sababu, hilo ni lilelile ulilosema mwanzo, umeongeza sauti tu."

Kocha alicheka mpaka akamwaga kahawa. Dizeli hakucheka sana, na hilo nililiona.

Maana sisi Mantiki tulikuwa tumeshaionja. Tangu shule ifunguliwe, Dizeli humpeleka Lottie shuleni kwa pikapu, na njia nzima mtoto humsomea kazi zake. Akishamshusha anakuja huku kutumaliza sisi. Ukisema neno, anakuhukumu. Mimi niliwahi kusema wali wa mkahawa wa barabara kuu hauliki kwa sababu mpishi wake ni mlevi. Akaniambia hapo nimempiga mtu badala ya kuipiga hoja, na kwamba mlevi anaweza kupika wali mzuri. Kocha alipodai timu yetu ni bora kwa sababu ndiyo inayoshinda, na inashinda kwa sababu ni bora, Dizeli akachora duara kwa kidole juu ya meza, akamwachia aliangalie. Tulichoka naye, lakini tulijua ni fahari. Huyu ni mtu aliyeacha shule mapema, na sasa ana mjukuu anayemfundisha.

Kwa hiyo Kocha akamgeukia, akamwambia ajiandae kwenda kulitetea somo lake.

Shemasi akakohoa kidogo. Akasema kuna jambo hajalimaliza. Wiki iliyopita, kwenye ibada ya shule, mchungaji aliwaambia watoto kwamba kila familia anayoijua iliyoacha kanisa, nyumba yao ilisambaratika. Mtoto mmoja akanyoosha mkono. Akauliza kama mchungaji amezihesabu pia zile zilizosambaratika huku zikiwa kanisani.

"Nani huyo?" Kocha akauliza.

Shemasi akamtazama Dizeli.

"Alinyoosha mkono kwanza?" Dizeli akauliza.

"Alinyoosha. Na alimwita mchungaji kwa heshima. Hilo ndilo lililowaudhi zaidi, hawakupata pa kumshika."

Tukamngoja Dizeli ajivune. Alikata kipande cha mkate wenye soseji ndani, akakirudisha kwenye sahani bila kukila. Halafu akasema Alhamisi atakuja, na atasema somo liondolewe.

Sophea alikuwa anapita na jagi la kahawa, akasimama hapohapo. Kocha akamuuliza Dizeli kama anaumwa.

"Siumwi. Hili somo limeingia nyumbani kwangu."

Ikabidi atueleze. Binti yake Renae, mama yake Lottie, aliondoka Denby miaka michache nyuma akiwa amezama kwenye vidonge vya kulevya. Hilo mji mzima unalijua. Tulilokuwa hatulijui ni kwamba sasa yuko Tulsa, ameacha vidonge, anafanya kazi kwenye duka la kufua nguo, na amekuwa akipiga simu kuomba arudi, hata kwa kutembea tu. Jumapili baada ya chakula Lottie aliuliza kwa nini mama asije. Dizeli akamjibu kwamba aliyekimbia mara moja atakimbia tena, ndivyo watu walivyo.

"Akaniambia, babu, hiyo ni kujumlisha haraka. Una mfano mmoja tu." Dizeli alikuwa anaitazama ile sahani. "Nikamwambia aondoke mezani. Akaondoka. Mpaka leo ananijibu ndiyo babu, hapana babu. Garini anasoma Kilatini kimoyomoyo."

Kocha ni mtu mwenye moyo, ila moyo wake hupitia mdomoni na huko huharibika. Akasema enzi zetu darasa la saba lilikuwa sarufi, hesabu na kukimbia kuzunguka uwanja, na mbona tumekuwa watu wazima wazuri. Shemasi akamkumbusha kwamba yeye ameoa mara tatu. Kocha akasema hapo amepigwa mtu badala ya hoja. Dizeli akataka kucheka, akajizuia.

Kahawa iliyobaki tuliimaliza tukimtungia hotuba. Kocha akamshauri aseme kwamba wakianza kuruhusu maswali, kesho watoto watakataa kuvaa sare, keshokutwa watakuwa wakomunisti. Dizeli akatikisa kichwa, hiyo ina jina, inaitwa mteremko wa utelezi. Mimi nikapendekeza aseme kwamba wazazi wote hawaitaki. Nayo ina jina. Shemasi, ambaye kama mwenyekiti hakupaswa kusaidia, akanong'ona kwamba angeweza kusema imekuwa hivi toka zamani na ibaki hivyo. Hiyo ilikuwa na jina la Kilatini kabisa.

Alhamisi tulikwenda. Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu, viti vya kukunja, na meza ya biskuti zilizookwa na akina mama wa kamati. Shemasi alikuwa mbele na tai. Lottie alikaa safu ya tatu pembeni ya babu yake, mikono mapajani, nywele zimesukwa mkia mmoja. Ni mtoto mdogo wa umbo. Ukimtazama huwezi kuamini ndiye aliyemkosesha mchungaji usingizi.

Daktari wa meno alisema kwa uchungu na kwa kirefu. Mama mmoja akasema binti yake hataki kuosha vyombo mpaka athibitishiwe kwamba ni zamu yake. Kisha akasimama mwalimu mwenyewe, Bibi Pruitt, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo. Akasema kitu cha kwanza anachowafundisha ni kuitumia Mantiki kwa maneno yao wenyewe kabla ya kuitumia kwa maneno ya mtu mwingine, na kwamba wengi wao bado hawajafika hapo. Akaongeza, bila kumtazama yeyote, kwamba watu wazima nao huchelewa kufika. Watu wakaguna.

Ndipo Dizeli akainuka. Alikwenda kwenye kipaza sauti akiwa ameshika kofia yake. Shemasi akamwambia taratibu, "Endelea, Verlon."

Dizeli akasema yeye si msemaji. Akasema mjukuu wake alimwonyesha kosa katika jambo alilokuwa ameliamini kwa miaka, na alimwonyesha palepale mezani pake, mbele ya sahani yake, na kwamba hakuna mtu anayependa hivyo. Amekaa siku hizi akitafuta namna ya kumjibu. Amewauliza marafiki zake. Hapo Kocha akajishusha kwenye kiti.

"Kwa hiyo unaomba somo liondolewe?" Shemasi akauliza.

"Naomba sana liondolewe," Dizeli akasema. "Shida yangu ni moja. Sina hoja. Kila niliyokuja nayo ina jina kwenye daftari lake."

Ukumbi ulicheka, hata daktari wa meno. Dizeli hakucheka. Alikuwa amegeuka anamtazama Lottie, na Lottie alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani analia, kumbe anacheka, au yote mawili. Dizeli akaachana na kipaza sauti, akarudi kukaa, akamwekea kofia yake kichwani.

Bodi ilijadiliana kama bodi zinavyojadiliana. Uamuzi ukatoka kwamba Mantiki ibaki darasa la saba, ila wanafunzi wasinyooshe mikono wakati wa ibada. Mchungaji akasema amina kabla haujasomwa mpaka mwisho.

Ijumaa Dizeli hakuja kwa Sophea. Jumamosi pia kiti kilikuwa wazi. Kocha akasema labda ameona aibu, mimi nikasema labda anatengeneza lori la mtu. Hakuna kati yetu aliyefikiria Tulsa mpaka Jumatatu ya mapumziko ya shule, ile pikapu iliposimama nje na Dizeli akaingia peke yake, amevaa shati lililopigwa pasi.

Akasema Lottie na mama yake wako nje, wanabishana kuhusu rangi ya nywele. Akasema Renae atakaa wiki mbili, halafu wataangalia. Amepewa chumba chake cha zamani. Usiku wa kwanza yeye Dizeli alilala mlango wazi, akisikiliza kama gari litawashwa, na halikuwashwa. Aliyasema hayo yote huku amesimama, ameshika mgongo wa kiti.

Kocha, kwa ule moyo wake, akauliza kile ambacho mimi na Shemasi tulikuwa tumekimeza.

"Na akiondoka tena?"

Dizeli akafikiri. "Itakuwa mara mbili," akasema. "Nimemuuliza Lottie. Hata mbili bado ni chache."

Mlango ukafunguka, wakaingia. Renae amekonda, na amekata nywele fupi kuliko nilivyozikumbuka nilipokuwa nampelekea barua. Alisimama mlangoni kama mtu asiyejua kama ataruhusiwa kuingia. Sophea akamwita kwa jina, akamuuliza kama bado anapenda lile andazi lenye sukari ya mdalasini, akalichukua kabla hajajibiwa.

Meza yetu ina viti vinne. Shemasi akainuka, akasema yeye alikuwa anaondoka tu, ana kikao kanisani. Hana kikao siku hiyo, najua. Mimi nikasema nimeacha moto jikoni. Kocha akaangalia huku na huko, kisha akatoa sauti ya uwanjani kwamba anawahi mazoezi ya timu.

Kocha alistaafu zamani. Timu ina kocha mwingine, na mpira wenyewe haukuwa kwenye msimu.

Lottie akamtazama. Akafungua mdomo, nikaona kabisa kwamba jina la kosa lile liko tayari kwenye ulimi. Akaufunga. Akamtazama mama yake, akamtazama tena Kocha.

"Asante, Kocha," akasema. "Usichelewe."