Uzinduzi wa "Baba Amerudi Mapema"

Elifuraha ndiye mwanamume pekee jijini Arusha aliyeandika kurasa mia tatu kuhusu baba kuwahi nyumbani, na ili aziandike akachelewa kurudi nyumbani miaka miwili mfululizo!

Riwaya aliiita *Baba Amerudi Mapema*. Inamhusu meneja anayegundua kwamba cheo hakimkumbatii mtu. Mwenyewe alilia alipoisoma. Kisha akapanga uzinduzi hotelini, mjini kati, Jumapili ya kipaimara cha binti yake, Irine.

"Baba Irine, kipaimara ni mara moja maishani," mkewe Diana alimwambia.

"Na mgeni rasmi ana nafasi Jumapili hiyo tu! Mama, kitabu hiki kitaokoa familia za watu."

"Za watu," Diana akaitikia.

Irine hakutaka zawadi. Alitaka baba yake ndiye akate ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, na kumlisha kipande cha kwanza mbele ya ukoo.

"Utawahi, baba?"

"Mwanangu! Unaongea na mwandishi wa kuwahi!"

Ibadani alikuwapo. Baraka ya mwisho ilimkuta tayari amewasha gari.

Hotelini viti vilivalishwa kama maharusi. Watu walijaa, ila mgeni rasmi, Mzee Loishiye, mwalimu mstaafu wa misitu kutoka Olmotonyi, hakuonekana, na simu yake haikupatikana. Bila mgeni rasmi, nani akate utepe? Hata Mlima Meru ungesubiri!

Wakasubiri. Tatizo ni kwamba wageni wa uzinduzi ndio haohao wa kipaimara. Mmoja mmoja wakaanza kutoka nje "kupokea simu". Ajabu, kila aliyeenda kupokea simu alikwenda na mkewe.

Mwishowe akabaki Lucky, fundi wa spika.

"Bosi, nizime? Nasikia kule kwako Moshono ndafu imeshatoka motoni."

Elifuraha alikamata usukani kama anayekimbiza mgonjwa. Alipofika Moshono akapokewa na vigelegele, lakini si vyake. Irine alikuwa anatafuna. Kisu kilikuwa mkononi mwa Philemoni, mdogo wake Elifuraha. Na meza kuu, mdomo uking'aa mafuta, ameketi Mzee Loishiye!

"Shikamoo, mzee! Tumekungoja hotelini!"

"Marahaba. Hotelini kufanya nini?" Mzee alishangaa kweli. "Kitabu chako nimekisoma chote. Mkeo aliponiletea kadi ya kipaimara, nikajua uzinduzi umehamia nyumbani. Mtu aliyeandika maneno yale, siku ya mwanawe atakaaje hotelini?"

Elifuraha akamgeukia mdogo wake. "Lete kisu!"

"Kaka, tumekungoja mpaka mbuzi akapoa. Sasa ukate nini, pembe?"

Hapo mshereheshaji, Mama Hedwiga, ambaye tangu mchana alikuwa anamtambulisha Philemoni kama baba mzazi, akamwona mtu wa suti anagombea kisu. Akasogeza maikrofoni kwa Irine.

"Mwanangu, huyu mgeni unamfahamu?"

Irine akameza kwanza. "Ni mwandishi. Anaandika kuhusu familia."

"Ooo! Karibu sana, mwandishi!" Mama Hedwiga akashangilia. "Vijana, mpeni kiti hapa mbele, apate kuiona moja!"